Kabutwakenda Kwenye Simu

Jambo kwenu Rubaya, Nyabiondo na Mweso. Jambo Kashebere, Kibua na Pinga, Mubi na Njingala, mpaka Walikale-Centre. Na ninyi ambao vita vimewasukuma mbali na mashamba yenu, popote mlipofungulia redio jioni hii, jambo. Majina hayo nimeyataja kwa makusudi. Yule wa Mweso aliyeinua kichwa aliposikia Mweso, asiondoke. Nitamhitaji.

Leo tuongee juu ya watu wa video. Wale vijana, na siku hizi hata wamama, wanaosimama mbele ya simu dakika moja au mbili, kesho yake unasikia motari, mwalimu na muuza fretini wote wanarudia maneno yao. Wengine wanasimama mbele ya simu ileile, wanavaa vizuri zaidi, wanasema maneno yaleyale, na hakuna anayegeuka. Kwa nini?

Miaka michache nyuma nilikwama Kitchanga siku mbili. Simu ilizima, nikaipeleka kwenye nyumba ya kuchaji. Mnazijua nyumba hizo. Chumba cha mbao, paneli za jua juu ya bati, na simu zimepangwa kwenye ubao kama wanafunzi wa darasa la kwanza, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Yule kijana wa pale alikuwa na kompyuta ya zamani ambayo herufi zake nusu zimefutika. Mtu anakuja na karte memori yake, analipa franga kidogo, anajaziwa: nyimbo za Kinshasa, filamu za Nigeria zenye sauti ya Kiswahili juu yake, mahubiri, vichekesho vya Dar es Salaam, na zile video fupifupi ambazo kijana alizishusha siku aliyoteremka Goma kutafuta mega za bei nafuu.

Nikamuuliza anajuaje ipi inapendwa. Kwenye kompyuta yake hakuna idadi ya watazamaji, hakuna mioyo myekundu, hakuna wafuasi. Akacheka. Akaniambia kuna video watu wanachukua wanaenda, basi. Halafu kuna zile ambazo mtu akishachukua, baada ya siku mbili anarudi, hata simu yake haihitaji kuchajiwa, anasimama mlangoni anauliza: “Iko ingine?”

Nimesoma maelezo marefu ya wataalamu juu ya jambo hili na sijakutana na kipimo kinachopita hicho. Kusema kweli, makampuni makubwa yenyewe yamehangaika miaka mingi kukitafuta. Video ya kwanza kabisa ya YouTube iliwekwa Aprili 2005: kijana amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama, sekunde 19, hakuna kingine. Kwa miaka kadhaa mashine ya YouTube ilihesabu zaidi mara ngapi video imefunguliwa. Matokeo yake watu wakajifunza kuweka picha ya uongo mlangoni. Unafungua, unakuta si yenyewe, unaondoka na hasira. Mwaka 2012 wakabadilisha, wakaanza kupima mtu amekaa muda gani. TikTok nayo ikaja na ujanja wake: inaonyesha video kwa watu wachache kwanza, kama mama anayekuonjesha mchuzi kabla ya kuupakua. Wakiitazama hadi mwisho, wakairudia, wakamtumia ndugu, inapelekwa kwa wengi zaidi. Wakiipita, inakufa hapohapo. Yote hayo, kwa hesabu ngumu ya kompyuta, ni kumtafuta yule mtu wa Kitchanga aliyesimama mlangoni.

Lakini mashine inajua kwamba ameuliza. Haijui kwa nini. Na hapo ndipo watu wetu wanapotoa majibu mepesi. Wengine wanasema ni simu nzuri. Wengine wanasema ni sura. Wapo pia wanaosema fulani alikwenda kwa mganga, na hao siwajibu.

Tuchukue simu nzuri. Huko Tanzania, mkoa wa Pwani, kuna kijana Mmasai anayejulikana kama Kili Paul. Kijijini kwake umeme haukuwepo. Alikwenda hadi Lugoba kuchaji simu. Alisimama mbele ya ng'ombe na nyasi na shuka zake, pamoja na dada yake Neema, akafuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Wahindi. Februari 2022 waziri mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja hao wawili katika kipindi chake. Kipindi cha redio, sikieni vizuri, si televisheni. Kwa hiyo simu na umeme si jibu. Vijana wa Masisi wenye paneli mbili juu ya bati wako sawa naye kabisa.

Basi labda ni ufasaha wa maneno? Khaby Lame, mzaliwa wa Senegal aliyekulia Italia, alipoteza kazi ya kiwandani mwaka 2020, akaanza kutengeneza video ambamo hasemi kitu. Anaonyesha mtu aliyefanya jambo rahisi kwa njia ngumu, halafu yeye analifanya kwa njia rahisi, ananyoosha mikono, anakuangalia. Juni 2022 akawa mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok. Na karibu na sisi zaidi: katika Kombe la Afrika lililochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025, Mkongomani mwenzetu Michel Kuka Mboladinga alisimama kati ya mashabiki, mkono wa kulia juu, kama sanamu ya Lumumba iliyoko Kinshasa. Wenzake wakiruka, wakipiga ngoma, yeye hakutikisika muda wote wa mpira. Picha zake zikazunguka dunia. Watu wanalipia kozi za kujifunza kuhariri video kwa haraka, mtu huyu akawapita wote kwa kusimama.

Khaby na huyu Lumumba wa uwanjani wana jambo moja: wameacha nafasi, na maneno unayaweka wewe. Khaby akinyoosha mikono, ni wewe unayesema “si ungefanya hivi tu!” Kuka akisimama kimya, kila Mkongomani anajua kinachosemwa, tangu Lumumba auawe tarehe 17 Januari 1961 mpaka leo, na anakisema mwenyewe moyoni. Kwa maoni yangu siri iko hapo. Mtu wa video anapendwa anapotupa mstari na kukuachia kiitikio.

Wa Walikale mtaniambia hili si jipya, na mtakuwa na haki. Ninyi mlikuwa nalo kabla ya simu.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Wanyanga ndani ya msitu wa Walikale, mtu aitwaye Rureke alikaa siku 12 akitoa hadithi moja. Watu walimwita She-Karisi, yaani mwenye karisi, na karisi ndiyo jina la utenzi huo kwa Kinyanga. Mtafiti kutoka Ubelgiji, Daniel Biebuyck, alikuwepo pamoja na waandishi waliofuata kila alichotamka. Kitabu kilipotoka mwaka 1969, jina la Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, lilikuwa kwenye jalada pamoja na la Mbelgiji huyo.

Nimesema alikaa, lakini Rureke hakukaa. Alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza watu wote wa hadithi mmoja baada ya mwingine, kibuyu cha kuchezesha mkononi na njuga miguuni. Pembeni vijana waligonga gongo lililolazwa juu ya vijiti vikavu, na katika kugonga kule walikuwa wakijifunza kazi yake. Watu walipokea nyimbo, wakamsifu, wakampa zawadi ndogondogo. Yeye mwenyewe alishangaa, kwa sababu hakuwahi maishani kuitoa hadithi yote mfululizo. Desturi ilikuwa kipande jioni hii, kipande siku nyingine. Vipande, wasikilizaji! Watu wakarudi nyumbani na kiu, wakajua watarudi. Iko ingine?

Na hadithi yenyewe ni ya Mwindo. Baba yake, chifu Shemwindo wa Tubondo, aliwaambia wake zake hataki mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa anatembea na kusema, na mkononi ana usinga wake wa mkia wa nyati. Baba akamrushia mkuki, haukumpata. Akamzika, mtoto akatoka. Akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, ngoma ikaelea. Na kila anapotokeza, Mwindo anajitangaza kwa lile jina lake la kujisifu: Kabutwakenda, mdogo aliyezaliwa na papo hapo akatembea. Anajitangaza tena. Na tena. Mtu wa nje anayesoma kitabu anachoka, anaona mwandishi angepunguza. Mtu aliyeketi pale hachoki, analingoja. Vijana wetu wa video kila mmoja ana neno lake la kuanzia au la kumalizia, na watoto njiani wanalisema kabla yake. Mwindo alikuwa nalo zamani.

Kuna jambo lingine hapo ambalo wanaofundisha “namna ya kupata wafuasi” hawalioni. Waliokuja kumsikiliza Rureke waliijua hadithi. Walijua ngoma itaelea. Hakuna aliyekuja kutafuta habari mpya. Wangetaka mapya, wangemfuata mchuuzi anayetoka Kisangani.

Sasa tazameni video za vijana wetu kwa jicho hilo. Nyuma ni ukuta wa mbao. Mbele ni mtu aliyevaa buti za mpira zenye matope. Mambo ni yaleyale: mama anayeweka pesa ya likirimba na siku ya zamu yake simu imezimwa, motari anayesema “niko hapa karibu” naye bado anaoga, kijana aliyeteremka kutoka machimbo na pesa, Ijumaa ananunulia wote kasiksi, Jumatatu anaomba yunite, mchungaji, mama mkwe. Mwisho unaujua tangu sekunde ya tatu. Na unacheka kwa sababu unaujua, halafu unamtafuta shemeji yako umtumie, maana yule wa kwenye video ni shemeji yako. Anayesema vichekesho hivi havina ubunifu hajaelewa kazi. Ubunifu uko katika kupata ile sauti ya kweli ya mtu anayedanganya kwamba yuko karibu. Hiyo ni ngumu. Mimi nimejaribu mbele ya watoto wangu, hawakucheka.

Ndiyo maana nimemwomba yule wa Mweso asiondoke. Ninyi mnajua barua na simu zinazoingia hapa kwa ajili ya salamu. Kuna watu wanaongojea kipindi cha salamu saa nzima ili wasikie jina lao kwa sekunde mbili. Hatuchezi wimbo bora siku ile, na hakuna habari kubwa. Ni kutajwa tu. Mtu wa sehemu kama zetu, ambaye akisikia jina la kijiji chake kwenye habari za dunia ni kwa sababu kimeungua, anapokutana na video ambamo kijiji chake kinatajwa kwa sababu ya mama mkwe na sufuria ya sombe, anaitazama mara tano. Sioni ajabu yoyote.

Lugha nayo inaingia hapo. Ukitengeneza kwa Kihunde au Kinyanga, utachekesha kwa kina, mpaka machozi, lakini utaishia ukingoni mwa msitu. Kinyarwanda kitakuvusha mlima. Ukitumia Kiswahili chetu hiki cha kuchanganya, na Kifaransa kikiingia kwa mlango wa nyuma, unafika Goma, Bukavu, Kisangani, Bujumbura. Lingala inakupeleka Kinshasa. Innoss'B, kijana wa Goma, alipotoa Yope pamoja na Diamond Platnumz mwaka 2019, alifungua mlango wa Kongo na wa Afrika Mashariki kwa wakati mmoja, na mamilioni wakapita. Lakini kila hatua ya kwenda mbali ina gharama. Neno ambalo mama wa Nyabiondo angeangukia kicheko, unalitoa, kwa sababu Dar es Salaam hawatalielewa. Wengine wanatoa maneno mengi mpaka wanabaki bila nyumbani na bila ugenini. Nawajua wawili watatu, siwataji.

Kuna video za aina nyingine kutoka kwetu zinazopendwa sana, ila na watu wengine. Vilima vya Masisi kutoka juu, ng'ombe, jibini, ukungu, mtu anaandika “Uswisi ya Afrika.” Ndege ndogo zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, Walikale, kubeba mawe ya bati ya Bisie, waandishi wa ng'ambo walizipiga picha hizo kwa mshangao mkubwa, na pembeni ya picha unaona mama na mzigo wake mgongoni anangoja ndege ipite ili avuke. Yeye hashangai, anachelewa sokoni. Na migodi ya Rubaya: kwa kuwa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia imekadiriwa kutoka kule, kila mtengeneza video wa ng'ambo anataka mtoto mwenye matope usoni, muziki wa huzuni, na simu mpya mkononi mwake akituambia ndani yake kuna damu. Sisemi anadanganya. Nasema katika video hizo mtu wa Rubaya haitikii. Anatazamwa. Hapewi hata jina.

Mshangao ukikosa ukweli pia unakimbia mbio. Mwanzoni mwa 2023 video ya mawe yanayodaiwa kutoka Kongo, eti yana umeme, yakigusana yanatoa cheche na kuwasha taa, ilizunguka dunia nzima. Wajuzi wa madini wakasema hakuna jiwe la namna hiyo. Wachimbaji wetu, waliobeba kila aina ya jiwe mgongoni, wangekuwa wa kwanza kuacha kulipia nyumba ya kuchaji. Lakini video ya kuikanusha haikufika hata nusu ya njia. Kukanusha hakuna kiitikio.

Nimekaa mbali na jambo moja tangu nianze, sasa niliseme. Kwetu kupendwa si jambo la mchezo tu. Huyu Delcat Idengo, mwimbaji wa Beni ambaye nyimbo zake ziliwasema wakubwa bila kuwapakia mafuta, aliuawa kwa risasi Goma tarehe 13 Februari 2025, akiwa anarekodi video. Wiki mbili na siku chache baada ya mji kubadilisha mikono. Watu walimpenda kwa sababu alisema kwa sauti kile wao walichokisema jikoni. Yaani aliitikia kwa niaba yao. Tangu hapo nimeanza kuutazama ule ukuta wa mbao kwa namna nyingine. Zamani nilidhani vijana wanarekodi ndani kwa uvivu. Nje kuna barabara, kwenye barabara kuna kizuizi, kwenye kizuizi kuna watu wenye bunduki, na leo wanaitwa hivi na kesho wanaitwa vingine. Masisi-Centre ilibadilisha mikono Januari 2025. Walikale-Centre ikachukuliwa Machi, ikaachwa mwanzoni mwa Aprili. Kijana anayegeuza simu kidogo tu kuelekea mlima anaweza kuonyesha kitu asichokusudia. Ndiyo maana mama mkwe, ndiyo maana sufuria. Sufuria haiulizwi iko upande gani.

Wenye bunduki nao wana video zao, wanacheza, wanajisifu, na zinatazamwa sana. Sitazizungumzia zaidi ya hapo, maana kuzitaja ndiko wanakotaka.

Pesa? Nitapita haraka. Mpango wa TikTok wa kulipa kwa idadi ya watazamaji uko katika nchi chache, na yetu haimo. Kwa hiyo kijana mwenye wafuasi wengi anaweza kuwa hana yunite. Anachopata ni kazi ya kuongoza harusi, tangazo la duka la simu, na mara chache ndugu wa Ubelgiji au Kanada anayetuma kitu kwa sababu alicheka. Zawadi ndogondogo, kama za Rureke.

Nimalizie kwa bibi mmoja. Ametoka pande za Masisi, jina lake naliacha, sasa anaishi kwa binti yake mjini. Mjukuu wake alimrekodi kwa siri akimgombeza juu ya bido la maji ambalo hakulijaza. Dakika moja na nusu, Kihunde na Kiswahili, na ndani yake kuna tusi moja la heshima ambalo sitalirudia hewani. Kijana akaituma kwa marafiki wawili. Siku ya tatu bibi ameketi mlangoni anachambua maharage, akasikia sauti yake mwenyewe inatoka kwenye simu ya motari anayengoja abiria. Inagombeza juu ya bido. Bibi hakuuliza imefikaje kule. Aliweka sinia chini, akasubiri sauti ifike pale inapouliza kama maji yatajileta yenyewe, akajibu kwa nguvu mpaka motari akadondosha ufunguo: “Hayatajileta!”

Mjukuu alikuwa ndani. Hakuwahi kuirekodi hiyo ya pili, na mpaka leo anajuta. Watu bado wanamuuliza kama iko ingine.